Madaftari Saba ya Chacha Mwita

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya msimu wa mavuno ambayo hainitoki kichwani, ingawa wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu na sasa nahitaji miwani hata ya kutafutia miwani. Siku hiyo nilimkabidhi mama mmoja daftari la marehemu baba yake, nikalifunga vizuri kwenye gazeti lisipate vumbi, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Nakusimulia kwa sababu wiki iliyopita uliniambia kwamba mnahamishia orodha yote ya vitabu kwenye mfumo mpya wa kompyuta, na kwamba kadi za zamani mtazitupa mkishamaliza. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianzie kwenye cheti. Nilikuwa nimetoka masomoni huko pwani na cheti cha ukutubi, na nilikitia kwenye fremu kabla hata sijanunua kitanda. Nikapangiwa kazi katika maktaba ndogo mjini Tarime, ambayo sasa haipo tena, chini ya mtunza maktaba aliyeitwa Mzee Nyamhanga. Mzee huyu hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na mwandiko mzuri, kalamu mbili za wino, na kumbukumbu ambayo hata leo sijaona kompyuta ya kuishinda. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa adabu zote, na moyoni nikawa namhurumia kwa kutojua kanuni.

Maktaba ile ilikuwa na kabati la madaftari ambayo huwezi kuyapata kwingine popote. Miaka ya nyuma walimu wa kisomo cha watu wazima walikuwa wakizunguka vijijini, na wazee wasiojua kuandika wakawasimulia maisha yao, nao walimu wakaandika. Mmoja amesimulia jinsi ya kutibu ndama, mwingine kesi za mipaka, mwingine safari ya miguu hadi Musoma. Kila daftari lilikuwa na kadi yake kwenye droo ya mbao, na kadi hizo aliziandika Mzee Nyamhanga kwa namna yake mwenyewe. Jina la msimulizi juu. Chini yake kijiji. Halafu mambo kama haya: wa nyumba ya Robi, mwenye ng'ombe wekundu, aliyewahi kuwa fundi wa kuezeka.

Kama hukukulia kwetu, hiyo habari ya nyumba itakushangaza kidogo. Mkurya wa zamani mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kila nyumba ni ya mama na watoto wake, na ukitaja jina lako na la baba yako bado watu wanasubiri umtaje na mama. Wana haki ya kusubiri. Majina yetu yanarudi rudi katika kila ukoo, na ukiita Chacha Mwita kwa sauti mnadani watageuka wanaume kumi na pengine ng'ombe mmoja. Mimi mwenyewe ni Bhoke Marwa, na darasa la tano tulikuwa watatu wenye jina hilo. Mwalimu alitutofautisha kwa mama zetu, na hatukuona ajabu.

Sasa utaniuliza, ulijuaje yote hayo ukafanya ulichofanya. Ndiyo aibu yenyewe. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kadi ina nafasi zake: jina la ukoo kwanza, mkato, jina la mtu, jina la kitabu, mwaka, namba. Nafasi ya mama haikuwepo, na ya ng'ombe wekundu ndiyo kabisa. Kwa hiyo niliona kwamba maneno ya Mzee Nyamhanga ni soga za kisimani zilizoingia maktabani bila kubisha hodi. Nilichozaliwa nacho nilikiacha mlangoni kila nilipoingia kazini.

Mzee akachukua likizo kwenda kuvuna mahindi yake Nyamwaga. Nami nikaona huu ndio wakati. Kwa wiki mbili nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa, mwanangu, na nisifiche, nilifurahia sana. Niliandika kadi mpya zote kwa kufuata kanuni. Nilibandua lebo za zamani kwenye majalada kwa kitambaa cha maji nikabandika zangu. Nilipofika herufi M nikakuta madaftari saba yanayosema yamesimuliwa na Chacha Mwita. Saba. Nikafurahi kugundua kwamba wilaya yetu ina mwandishi hodari hivyo na hakuna aliyewahi kumtambua. Nikayaunganisha yote kwenye kadi moja, nikaandika Mwita, Chacha, nikayapa namba moja hadi saba, na nikabandika karatasi mezani yenye maneno makubwa: Mwandishi Wetu Hodari. Kadi za zamani nikawashia jiko la chai.

Siku tatu baadaye, ile Jumamosi, akaja Ghati. Alikuwa mama wa makamo, ana vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Alinieleza kwamba yeye ni binti wa marehemu Chacha Mwita wa Nyamwaga, ameolewa mbali, upande wa Mugumu kule Serengeti. Baba yake alipofariki yeye alikuwa amejifungua siku mbili tu, na hakuweza kuja kumzika. Lakini katika safari yake ya mwisho nyumbani, baba alikuwa amemwambia kwamba kuna neno lake kwenye daftari alilomsimulia mwalimu wa kisomo, na siku akiondoka duniani walifungue wasome. Leo jamaa wanakutana kumkumbuka marehemu, katekista atasoma mbele ya watu wote, na kesho alfajiri yeye anarudi kwake. Ghati hakujua kusoma. Alikuwa akilia kidogo kidogo huku akieleza, na mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake namfahamu, na mahali pake napajua.

Nikampa daftari namba moja. Nilifikiri hivi: anataka maisha ya baba yake, na maisha huanza mwanzoni. Sikufungua hata ukurasa mmoja. Ghati alinishukuru sana hata akanialika niandamane naye, nami nikafunga maktaba saa tano kama ilivyokuwa kawaida ya Jumamosi, nikavaa viatu vyangu vya kisigino, tukapanda gari la Nyamwaga. Njiani nilimweleza habari za mpangilio wa kitaalamu. Alisikiliza kwa heshima, maskini, huku akimnyonyesha mtoto.

Tulikuta watu wengi wameketi chini ya migomba, wazee mbele, masufuria ya nyama jikoni. Mzee Nyamhanga alikuwepo, maana marehemu alikuwa jirani yake. Nilimsalimia na nikamwambia kwa furaha kwamba nimemalizia droo yote. Akasema tutazungumza Jumatatu. Katekista akasimama, akafungua daftari, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Mimi Chacha Mwita nimetoroka mara tatu katika maisha yangu. Mara ya kwanza shuleni, mara ya pili kazini, na mara ya tatu nilimtoroka mke wangu wa kwanza, lakini yeye alinikimbiza mpaka mtoni akanikamata."

Katekista akageuza jalada akalitazama, akalirudisha. Ndipo mjane wa marehemu, mama yake Ghati, akainuka taratibu akishika fimbo. Akasema huyo si mume wake, kwa kuwa mume wake hakuwahi kukimbia hata nyuki. Na kabla watu hawajajua kama wacheke au wasicheke, mzee mmoja wa Kemambo, aliyekuwa ameketi na mkewe safu ya pili, akasimama naye. Akauliza nani ametoa daftari lake maktabani bila ruhusa yake. Alikuwa Chacha Mwita. Mwingine, mzima, mwenye afya, na mke aliyekuwa pembeni yake alikuwa ndiye yule wa mtoni.

Mwanangu, watu walicheka hadi wengine wakashika migomba. Yule mke wa mtoni alicheka kuliko wote, na akamwambia katekista aendelee kusoma, kwamba sehemu ya mtoni bado haijafika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona Ghati. Alikuwa ameketi chini na kanga usoni, na mabega yanamtikisika, na hakuwa anacheka. Alikuwa amesafiri na kichanga kutoka Mugumu ili asikie neno moja la baba yake, nami nimemletea mtu wa Kemambo anayekimbia wake zake. Sijawahi kujichukia kama dakika ile, na ninakuombea usije ukaijua.

Mzee Nyamhanga akaja akanisogeza pembeni. Nilingoja matusi, na kwa kweli ningeyapokea. Akauliza kadi zake ziko wapi. Nikamwambia nimewashia jiko la chai. Alitazama viatu vyangu, akauliza, "Na chai iliiva?"

Nikasema iliiva, Mzee. Nikaanza kulia. Hapo ndipo akaniambia maneno ambayo nimefanya nayo kazi mpaka nilipostaafu.

"Bhoke, ng'ombe wako akipotea, ukifika mnadani unatangaza kwamba umepoteza ng'ombe?"

Nikamjibu hapana, unasema rangi yake, pembe zake zilivyo, alama ya sikio, na ametokea kwenye boma la nani.

"Na mtu je?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda kwa katekista akaomba pikipiki yake, na katekista akasema hatoi pikipiki bila yeye mwenyewe kuendesha. Basi nikapanda nyuma, viatu mkononi, tukarudi Tarime kwa barabara ile ya mawe. Huko nikayachukua madaftari sita yaliyobaki, nikayabeba kifuani. Tuliporudi nyama ilikuwa imeiva na watu wamekula, ila hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kila mmoja alitaka kujua Chacha Mwita wako wangapi.

Mzee Nyamhanga akaketi na wazee, akanipa kalamu moja kati ya mbili zake, akamwambia katekista asome mistari michache tu ya kila daftari. Kazi ikaanza. Daftari namba mbili lilihusu mikosi ya kuchimba dhahabu kwa sururu, na wazee wakasema bila kubishana kwamba huyo ni Chacha wa Nyangoto, wa nyumba ya Nyangi, mwenye kidole kilichokatika. Namba tatu na nne pia zilikuwa zake. Namba tano ilikuwa ya yule wa Kemambo tena, na mkewe akathibitisha. Namba sita ilianza hivi: "Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na hakumpenda mtu yeyote isipokuwa mimi." Mjane akainua mkono. Akasema hilo hapo, hata yeye ng'ombe huyo alimpiga teke mara mbili.

Ghati akasogea mbele kabisa na mtoto wake. Katekista akasoma taratibu, bila ile sauti ya kanisani sasa. Kulikuwa na ng'ombe wengi humo, na shamba la ndizi, na ugomvi mdogo wa mfereji. Karibu na mwisho akafika mahali hapa:

"Binti yangu Ghati alipoolewa Mugumu, ng'ombe waliokuja ndio kaka yake aliowatoa mahari naye akapata mke. Watu walinishukuru mimi. Mimi sikumshukuru Ghati, kwa sababu sikuwahi kumwona baba akimshukuru binti yake. Mwalimu, andika kwamba namshukuru. Umeandika? Basi andika tena, maana yuko mbali na atahitaji kusikia mara mbili."

Na yule mwalimu wa kisomo, Mungu amrehemu popote alipo, alikuwa ameandika mara mbili. Namshukuru. Namshukuru. Ghati aliomba asomewe tena, na tena, na kaka yake akainuka akaja akaketi chini karibu naye. Mimi nilikuwa nalia, katekista analia, hata Chacha Mwita wa Kemambo alikuwa ametoa leso.

Jioni ile, kabla jua halijazama, mimi na Mzee Nyamhanga tuliandika kadi saba upya palepale, maana daftari la saba nalo lilikuwa la yule wa Nyangoto, wazee wakitutajia nyumba na mama na ng'ombe. Nilidhani atafuta kanuni zangu zote. Hakufuta. Alisema jina libaki juu kama nilivyofundishwa, kwa sababu mtu wa Mwanza au wa Dodoma akija kutafuta atatafuta hivyo, naye ana haki ya kupata. Ila chini ya mstari tuandike anavyojulikana na watu wake. Nilikuwa nimeona kanuni na soga kuwa maadui, kumbe zilihitaji kadi moja yenye nafasi ya kutosha. Kadi hizo tuliziandika pande zote mbili.

Sasa nije kwako. Tangu siku ile nimeona kadi za mkono, nikaona za taipureta, nikaona kompyuta ya kwanza iliyokuwa na kelele kama mashine ya kusaga, nikaona mfumo uliofuata ukiufuta wa kwanza. Kila mara alikuja kijana nadhifu akatuambia kwamba huu sasa ndio wa mwisho. Na ninyi mmeambiwa hivyo, najua. Taarifa kuhusu vitabu, ambazo ninyi mnaziita metadata, zitabadilishiwa nguo mara nyingi kabla hujafika umri wangu, na sioni ubaya. Mimi siupingi mfumo wenu. Umeniambia kwamba msomaji akiwa Kemambo na simu yake ataweza kuona kilichopo kwenye rafu zenu, na rekodi moja mtaandika mara moja maktaba nyingine zote ziipate. Nimefurahi mpaka nikataka kurudi kazini, ila magoti yamekataa.

Lakini kumbuka kosa langu lilifika Nyamwaga tu, kwa gari la abiria, na lilirekebishwa kwa pikipiki ya katekista siku hiyohiyo. Lako litafika nchi nzima kabla ya chakula cha mchana. Umenieleza pia kwamba kompyuta hiyo ina akili ya kuwaunganisha yenyewe waandishi wenye jina moja. Mwanangu, hiyo akili naifahamu sana. Niliwahi kuwa nayo, na nilikuwa na cheti chake ukutani.

Kwa hiyo nakusihi haya. Usiunganishe watu wawili kabla hujafungua kitabu cha kila mmoja na kusoma japo ukurasa. Kila mtu mpe namba yake mwenyewe kama mfumo wenu unavyoruhusu, hilo ni jambo zuri sana, na sisi tungelipata tungeshangilia, lakini namba haijui mtu ni nani mpaka wewe umweleze. Mahali ambapo fomu haina nafasi, kuna sehemu ya maelezo ya ziada, ile ambayo wenzako wanairuka kwa sababu haina nyota nyekundu ya kuwalazimisha kuijaza. Isiruke. Andika humo nyumba, kijiji, lugha aliyosimulia, jina la aliyeandika kwa niaba yake, na wanawake usiwafiche chini ya majina ya baba zao tu, maana Bhoke Marwa naye atatafutwa siku moja. Usipojua, nenda kaulize; wapo wazee wanaokaa bure mchana kutwa wakingoja kuulizwa. Na kadi za zamani usizitupe. Zipige picha, zifunge kwenye boksi, andika nje ya boksi ni za nini. Kanuni zishike kwa mkono wa kulia, kwa kuwa bila hizo mgeni hataweza kupita mlangoni kwako. Ila usije ukaacha kanuni ikakusahaulisha mtu anayesimama mbele yako.

Haya, nimekuchelewesha, na najua ofisini wanakungoja. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisilo na haraka. Akulinde na kiburi cha ujana, ambacho kilinipata mimi nikiwa na viatu vizuri. Na siku atakapoingia mtu ametoka mbali kutafuta neno la baba yake, akujalie uwe umeliandika mahali ambapo linaweza kupatikana.